Picha katika Nyumba ya Wageni

Nyumba ya wageni hujulikana kwa mambo matatu: kitanda, chakula, na usalama wa mizigo. Mtu akirudi safarini huulizwa: Ulilala wapi? Walikupikia nini? Hukuibiwa? Sijasikia mtu akiulizwa: Ukutani palikuwa na nini? Lakini ziko hoteli duniani ambazo watu huzifuata kutoka mbali kwa sababu ya ukuta tu. Juu ya ukuta huo zimetundikwa picha za wachoraji wakubwa, na bei yake pengine inapita bei ya nyumba yenyewe pamoja na vitanda vyake, masufuria yake na bustani yake.

Leo nataka kuandika habari za hoteli hizo. Labda mmoja wenu atasema: "Mwalimu, sisi hatulali katika hoteli za namna hiyo. Afadhali utuambie habari za mihogo." Ni kweli, hata mimi sijapata kulala humo hata usiku mmoja. Walakini ndani ya habari hii limo swali ambalo ni la kwetu pia. Nalo ni hili: picha huingia kwa njia gani katika nyumba ya wageni, na ikishaingia, ni ya nani?

Nilianza kufikiri jambo hili nilipokuwa seminari ndogo. Katika chumba cha vitabu yalikuwamo magazeti ya Kifaransa ya zamani, mengine yameliwa na mende. Siku moja niliona humo picha ya watu wanaokula mezani, nje, chini ya miti. Nyuma yao ulikuwako ukuta wa mawe, na juu ya ukuta kazi kubwa ya vigae vya rangi. Chini yake liliandikwa jina la mahali: La Colombe d'Or, maana yake Njiwa wa Dhahabu. Nilistaajabu kuona wale watu wanakula kwa raha, wameipa mgongo kazi ya fundi mkubwa, kana kwamba ni ukuta wa jikoni kwao. Tangu siku ile nimesoma kila habari niliyoweza kuipata juu ya nyumba ile.

Nyumba hiyo ipo katika kijiji cha Saint-Paul-de-Vence, juu ya kilima, nyuma ya mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Mwenye kuianzisha ni Paul Roux, mtoto wa wakulima. Mwaka 1920 alifungua mahali padogo pa kunywea, na watu wa jirani wakaja kucheza dansi mwisho wa juma. Baadaye yeye na mkewe Baptistine waliongeza vyumba vya kulala, navyo mwanzoni vilikuwa 3 tu. Mlangoni akaweka kibao cha kusema kwamba hapa hupokelewa mtu ajaye kwa miguu, ajaye kwa farasi, na ajaye na picha. Wapita njia walicheka. Lakini mwenye nyumba hakuwa anafanya mzaha mtupu.

Nchi ile ya kusini ina jua zuri, na wachoraji wengi waliipenda kwa sababu ya mwanga wake. Tena vita kuu ya pili ilipofika Ufaransa mwaka 1940, wengi waliuacha mji wa Paris wakakimbilia kusini. Roux mwenyewe alipenda kuchora. Basi alipowaona watu hawa wamekaa mezani kwake, aliongea nao kama mwanafunzi anavyoongea na walimu, akawapa chakula. Wengine walilipa fedha. Wengine waliacha picha badala ya fedha. Wengine walitoa kwa urafiki tu. Hivyo ndivyo zilivyopatikana katika nyumba ya mtoto wa mkulima kazi za Picasso, za Matisse, za Braque, za Miró na za wengine wengi. Ile kazi ya vigae niliyoiona gazetini ni ya Fernand Léger.

Tusidanganyane. Watu wengine husimulia habari hii kama hadithi ya watoto, kwamba wachoraji wote walikuwa na njaa, wakauza picha kwa bakuli la supu, na mwenye hoteli akatajirika. Haikuwa hivyo. Picasso, wakati alipoizoea nyumba ile, hakuwa mtu wa kukosa supu. Alikuwa tajiri na jina lake lilijulikana dunia nzima. Mtu kama huyo hatoi picha kwa sababu ya njaa. Anaitoa kwa sababu mahali fulani amepokewa vizuri, naye hataki kuondoka bila kuacha kitu. Wazee wetu wamesema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi hulisema neno hili tukifikiri juu ya kuku anayechinjwa kwa ajili ya mgeni, na wenyeji nao wakapata mchuzi. Katika nyumba ya Roux mwenyeji alipona kweli kweli.

Jambo jingine linalonipendeza ni namna walivyojua kukipa kila kitu mahali pake. Picha ya rangi juu ya kitambaa au karatasi haipendi jua kali, wala mvua, wala moshi wa jikoni. Jua hula rangi, unyevu huleta ukungu, na moshi huacha weusi. Lakini vigae vilivyochomwa motoni havijali mvua wala jua. Kwa hiyo kazi ya Léger ipo nje, karibu na meza. Karibu na bwawa la kuogelea ipo kazi ya Calder, pambo la vyuma vyepesi lililofanywa ligeuke kwa upepo, na ipo nakshi ya vijiwe iliyofanywa na Braque. Picha za rangi zimetundikwa ndani. Nyumba yenye picha ina kazi nyingi kuliko nyumba isiyo na picha. Lazima kuwe na mtu wa kuangalia paa, wa kuangalia madirisha, na wa kuangalia mikono ya watu.

Mikono ya watu kweli, maana mwaka 1960 wezi waliingia usiku wakachukua picha kama 20. Baadaye zilipatikana. Inasimuliwa kwamba mchoraji Marc Chagall alikasirika sana siku ile, kwa sababu wezi walichukua picha za wenzake lakini yake waliiacha! Chagall alikuja kukaa katika kijiji kile mwaka 1966, akafa mwaka 1985, na kaburi lake lipo katika makaburi ya hapo.

Hapa nitaongeza habari nyingine ya milima ile ile, kwa sababu inasaidia kuelewa. Mwaka 1941 Henri Matisse alipasuliwa tumbo, akawa mgonjwa kwa muda mrefu. Mwaka 1942 msichana mmoja muuguzi, jina lake Monique Bourgeois, alimtunza usiku. Baadaye msichana huyo aliingia utawani kwa Wadominiko, akaitwa Sista Jacques-Marie. Masista wa mji wa Vence, karibu na Saint-Paul, walihitaji kanisa dogo. Alipomwonyesha mzee Matisse mawazo yake juu ya dirisha la kioo cha rangi, Matisse alishika kazi nzima yeye mwenyewe: madirisha, vigae vyeupe vyenye michoro myeusi, altare, hata kanzu za padri. Kanisa lilikwisha mwaka 1951. Matisse alikuwa mzee na mgonjwa, pengine alichora kwa fimbo ndefu iliyofungwa mkaa, lakini aliiona kazi hii kuwa kubwa kuliko zote alizofanya.

Kwa nini nasimulia habari za kanisa ninaposema juu ya hoteli? Kwa sababu mzizi wake ni mmoja. Kanisa la Vence lilianzia kwenye kitanda cha mgonjwa aliyetunzwa vizuri. Picha za Njiwa wa Dhahabu zilianzia kwenye meza ya mgeni aliyepokewa vizuri.

Sasa tuvuke bahari, tuone njia nyingine. Katika jangwa la Nevada, huko Marekani, upo mji wa Las Vegas, mji wa kamari. Mwaka 1998 ilifunguliwa huko hoteli kubwa sana iitwayo Bellagio. Mwenye kuijenga, Steve Wynn, alinunua picha za mafundi wakubwa wa Ulaya, akazitengenezea chumba maalum ndani ya hoteli, na watu walilipa kiingilio wakazitazame. Tena ulikuwamo mgahawa ulioitwa kwa jina la Picasso, na wageni walikula chini ya picha alizozichora yeye mwenyewe. Mwaka 2000 hoteli ilipita mikononi mwa kampuni nyingine. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 kampuni hiyo ilipeleka kazi 11 za Picasso mnadani, na mnada wenyewe ulifanyika mle mle hotelini. Zilipata zaidi ya dola milioni 100 kwa jumla. Moja peke yake ilipita milioni 40. Kampuni ilisema inataka kukusanya kazi za watu wa namna nyingi zaidi, wakiwamo wanawake na watu wa mataifa mengine.

Mimi silaumu mtu kuuza mali yake aliyoinunua kwa haki. Wala sisemi kwamba picha iliyonunuliwa ni mbaya na ile iliyotolewa ni nzuri. Rangi ni zile zile. Lakini tazameni tofauti. Picha iliyoingia kwa mlango wa fedha hutoka kwa mlango huo huo, na siku ikiondoka nyumba haipungukiwi na kumbukumbu, hupungukiwa na mali tu. Picha iliyoachwa na mgeni ni kama jina lake lililoandikwa ukutani. Ukiiuza, umefuta jina la rafiki. Nafikiri ndiyo sababu moja ambayo familia ya Roux bado inazo picha zake, ingawa wa kwanza alikufa zamani, na wajukuu wangeweza kuishi kifalme kwa kuuza mbili au tatu.

Haki inanilazimisha kusema neno moja la kuisifu Las Vegas. Katika ukumbi wa mapokezi wa Bellagio, juu, dari limefunikwa na maua ya kioo kama 2,000, kazi ya fundi Dale Chihuly na wenzake. Mtu ye yote aingiaye kutoka barabarani anaweza kusimama hapo akainua macho, awe ana chumba au hana. Lakini katika Njiwa wa Dhahabu, ukitaka kuziona picha, lazima uwe mgeni wa chumba au wa meza, na chumba na meza si vya bei ya maskini. Basi ile nyumba iliyoanzishwa kwa dansi za wanakijiji imekuwa mahali ambapo mkulima kama Roux wa mwaka 1920 angesita kuingia. Jambo hili limenisumbua mara nyingi. Urafiki ulizileta picha, na sasa bei inawazuia watu wasizione.

Je, haiwezekani kuwa na vyote viwili? Katika Afrika yetu upo mfano. Huko Cape Town, bandarini, kulikuwa na ghala kubwa la nafaka lililojengwa mwaka 1924, lenye mapipa marefu ya saruji 42. Ghala lilipokuwa halina kazi tena, lilikatwa na kutengenezwa upya, na mwaka 2017 vikafunguliwa ndani yake vitu viwili: juu, hoteli ya matajiri yenye kazi za wasanii wa Afrika katika vyumba vyake, chini, nyumba ya makumbusho ya sanaa ya Afrika ya siku hizi, iitwayo Zeitz MOCAA. Nyumba hiyo ya makumbusho ilipofunguliwa iliweka saa maalum ambapo wananchi wa Afrika huingia bure. Tajiri analala juu, mwanafunzi anatazama chini. Si usawa, lakini angalau mwanafunzi hakufungiwa mlango.

Nimesema nyumba ya makumbusho. Neno hili latosha kuturudisha kwetu Katanga. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka picha zilizokuwa katika nyumba za watu wakati wa miaka ya 1970. Katika chumba cha kupokelea wageni hukukosa kuona picha iliyochorwa kwa mkono juu ya kitambaa cha gunia la unga: Mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki; au askari wa wakati wa Wabelgiji akimpiga mfungwa; au kijiji cha zamani na mto wake. Picha hizo watu waliziita ukumbusho. Hawakuziita pambo. Mgeni alipoketi, picha ilimpa mwenye nyumba neno la kuanzia: Unaona mfungwa yule? Baba yangu alipigwa hivyo hivyo. Mchoraji mmoja wa namna hiyo, Tshibumba Kanda Matulu, alichora wakati wa miaka ile kama picha 100 za historia ya nchi yetu, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu, na maneno yake yakaandikwa kitabuni.

Hata kabla yake kulikuwa na mafundi. Mwaka 1926, huko Bukama, Mbelgiji mmoja wa serikali aliona nyumba zilizopakwa picha ukutani na Albert Lubaki. Akampa karatasi na rangi, na kwa sababu hiyo tunazo kazi zake mpaka leo, maana zile za ukutani zililiwa na mvua. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji katika mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, mchoraji wa samaki na ndege; Bela Sara, aliyechora kwa vidole vyake; na Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha zake kwa mistari mifupi kama nyuzi za mkeka. Mwaka 2015 kazi za watu hawa na za wengine wa Kongo ziliwekwa pamoja huko Paris, na watu wengi walikwenda kuziona. Kumbe watoto wa Katuba na Kenya wanapita mtaani wasijue kwamba majina hayo yalizaliwa kwao.

Sasa nitawasimulia jambo lililotokea katika familia yangu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mjomba wangu ana nyumba ndogo ya wageni katika Katuba, vyumba 9. Wageni wake ni wafanyabiashara watokao Kasumbalesa na madereva wa magari makubwa. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja mchoraji kutoka Kamina. Alikuwa ameitwa na shule moja ya mjini apake picha katika kuta zake. Kazi aliimaliza, lakini malipo hayakutoka. Kila siku waliambiana naye, "Kesho." Akalala kwa mjomba siku 17, kila siku dola 10, na mfuko wake ulikuwa mtupu. Mwisho alisema, "Baba, sina fedha. Nikuchoree ukuta."

Mjomba alinitumia neno nije. Nilimkuta na mkewe wamekasirika, na begi la kijana limefungiwa ofisini.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "wewe umesoma kwa mapadri. Niambie: picha inaliwa?"

Mke wa mjomba akadakia, "Mwenye kudai umeme atakuja mwisho wa mwezi. Nitamwonyesha picha?"

Maneno yao yalikuwa ya haki. Dola 170 kwa nyumba ya vyumba 9 si mchezo. Binti yao alikuwa anangoja karo ya shule. Tena kijana naye alikuwa na haki. Alifanya kazi na hakulipwa. Kwa upande mmoja umeme, kwa upande wa pili jasho la mtu. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikawaeleza habari za Paul Roux na kibao chake. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo Mfaransa alikuwa na Picasso. Mimi nina huyu mtoto wa Kamina."

Nikamjibu, "Mjomba, wote huanza wakiwa watoto wa mahali fulani. Lakini tusifanye bahati nasibu. Tufanye mapatano."

Tuliandika karatasi jioni ile ile, mbele ya jirani mmoja. Nusu ya deni kijana atalipa kwa fedha, kidogo kidogo, shule itakapomlipa au atakapopata kazi nyingine. Nusu ya pili atailipa kwa ukuta mmoja wa chumba cha mapokezi. Rangi atanunua mjomba. Jina la mchoraji na namba yake ya simu vitaandikwa chini ya picha, ili mgeni atakayependa kazi yake ampate. Akichora baadaye picha ya kitambaa kwa ajili ya nyumba ile, na mjomba akaiuza, mchoraji atapata fungu lake. Neno hili la mwisho nililitoa katika sheria ya Ufaransa, maana tangu mwaka 1920 huko mchoraji hupewa sehemu ndogo picha yake inapouzwa tena mnadani, na baada ya kufa kwake warithi wake huipata kwa miaka kadhaa. Mjomba alitaka kujua kwa nini mtu aliyekwisha kulipwa alipwe tena. Nikamwambia kwamba mchoraji huuza akiwa kijana asiyejulikana, na jina lake likikua, anayetajirika ni mnunuzi. Alitikisa kichwa, akatia sahihi.

Begi lilirudishwa kwa mwenyewe. Kijana alichora siku 6. Hakuchora simba wala maporomoko ya maji kama mke wa mjomba alivyotaka. Alichora stesheni ya Kamina wakati treni imefika: akina mama na mafurushi, mtoto aliyelala juu ya gunia la mahindi, mzee anayetafuta tiketi katika mifuko yote ya koti lake.

Basi mniulize: Picha ililiwa? Nitajibu kweli tupu. Mjomba hakutajirika. Umeme alilipa kwa kukopa, na deni la nusu ya fedha lilichukua miezi 5 hata likaisha. Unyevu umepanda kutoka chini ya ukuta, na miguu ya yule mzee wa tiketi imeanza kubanduka. Lazima kupiga plasta upya na kumwita mchoraji aje kutengeneza. Lakini wageni waliokuwa wanakwenda moja kwa moja vyumbani na simu zao, sasa hukaa kwanza pale mapokezi. Dereva mmoja wa Kamina alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, kisha akaanza kutaja majina ya wauza samaki wa stesheni. Mwingine akabisha, wa tatu akaingia, na usiku ule watu wasiojuana walikula pamoja. Kijana mchoraji amepigiwa simu na watu wawili waliosoma namba yake ukutani, akapata kazi. Na mke wa mjomba, yule aliyesema habari za umeme, ndiye siku hizi anayewaeleza wageni ni nani amechora, alitoka wapi, na kwa nini alichora treni. Anasimulia vizuri kuliko mimi.

Nimefikiri sana juu ya tofauti ya nyumba hizi, kubwa na ndogo, na nimefika kwenye neno moja. Nyumba ya wageni ni mahali ambapo watu hupita tu. Anayelala leo kesho hayupo, na kitanda kinatandikwa upya kana kwamba hakuja. Kwa hiyo nyumba hiyo, kuliko nyumba nyingine zote, inahitaji ukumbusho, yaani kitu cha kusema: Hapa alipita mtu, akapokewa. Hoteli tajiri ikinunua picha ili ionyeshe utajiri wake, imepata pambo zuri, nalo laweza kuuzwa kesho. Hoteli ikipewa picha kwa sababu ilipokea vizuri, imepata shahidi. Na shahidi akifungiwa ndani wasimwone ila wenye fedha, ushahidi wake unapungua, hata kama ni kazi ya Picasso.

Ndugu zangu wenye nyumba za wageni katika Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na pengine po pote: kabla ya kununua zile picha za karatasi za maua ya Ulaya zinazouzwa sokoni, tazameni mtaani kwenu. Yuko kijana anayeandika vibao vya maduka, na mkono wake unaweza zaidi ya vibao. Msimdhulumu kwa kusema, "Nitakulipa chakula tu." Mwandikieni mapatano, wekeni jina lake chini ya kazi, na uchagueni ukuta usiopata unyevu. Nanyi vijana wachoraji, mkilala katika nyumba ya mtu, mlipeni. Na mkikosa fedha, chora kitu ambacho mgeni wa kesho atasimama mbele yake akumbuke kwao.